Presha ya oili kwenye Land Rover 109 iliyotoka kufumuliwa: kisa kizima, tangu taa iwake mpaka krenki irudi kuchongwa

Hiki ni kisa cha kweli. Nimetoa majina, mji, na gereji zote zilizohusika, mmiliki nitamwita Mzee M. Nakiandika mana hili tatizo naliona sana kwa watu wenye gari za zamani, injini imefunguliwa, imefungwa vitu vipya, hela imeenda, alafu wiki ya pili taa nyekundu ya oili inaanza kupepesa ikiwa sailensa (injini inanguruma polepole bila kukanyaga mafuta) na kila fundi anasema lake. Mimi mwenyewe kwenye hiki kisa nilifanya uamuzi mmoja mbaya, nitausema pale ulipotokea.

Gari lenyewe

Land Rover 109 Series III ya mwaka 1978, petroli, ile injini ya 2.25 yenye cc 2286. Ni muhimu kujua kuwa hii ni ya kabla ya 1980, kwa hiyo krenki yake, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, inakaa kwenye meni 3 tu (beringi kubwa zinazoishika), mbele, kati na nyuma. Zilizokuja kuanzia 1980 zina meni 5. Kwenye injini ya meni 3 kila meni inabeba mzigo mkubwa na ikilegea moja tu injini nzima inajua.

Gari lilikuwa la marehemu baba yake Mzee M, lilibeba kahawa miaka na miaka, baadae likawekwa chini ya mwembe likakaa kama miaka 6. Mzee M akaamua kulifufua. Akampa fundi wa kwanza, ambaye ni mtu mwenye uzoefu na hizi gari na sina sababu ya kumsema vibaya. Injini ikashushwa, bloku ikachongwa, pistoni na ringi mpya, krenki ikapelekwa kwa mchongaji ikarudi imeandikwa kwa chaki "20/20", yaani sehemu za meni na za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki) zote zimepunguzwa elfu 20 za inchi (inchi 0.020), zikanunuliwa beringi za namba 20, ikafungwa. Pampu ya oili haikununuliwa mpya, ilioshwa kwa petroli ikarudishwa.

Kitu kingine cha kujua, dashibodi ya Series III kwa kawaida haina geji ya oili. Ina taa tu. Na taa haipimi kitu, ile swichi yake inasubiri presha ishuke sana, mahali fulani chini ya PSI 10 (PSI ni kipimo cha presha), ndo iwashe. Sasa hii injini ikiwa ya moto kwa mzunguko wa 2000 inatakiwa iwe kati ya PSI 35 na 65. Kwa hiyo unaweza ukatembea na PSI 15 barabarani, injini inajila yenyewe, na taa imezima vizuri kabisa.

Gari lilivyofika kwangu

Lilikuwa limetembea kama kilomita 400 tu toka lifungwe. Malalamiko ya Mzee M yalikuwa hivi: asubuhi hakuna shida, akipanda mlima na mzigo kidogo akifika juu akaacha sailensa taa inapepesa, akikanyaga mafuta inazima. Alafu chini ya gari kuna oili inadondoka kwenye filta, ila asubuhi tu wakati injini ya baridi.

Fundi wa kwanza alikuwa ameshajaribu mambo matatu. Alibadili swichi ya taa. Haikusaidia. Akamwaga oili ya 20W-50 akaweka nzito, SAE 50 tupu, taa ikatulia siku mbili tatu ikarudi. Mwisho akafungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) akaongeza washa mbili, vile vipete vya chuma, nyuma ya springi ya valvu ya presha kwenye pampu, na ni baada ya hapo ndo filta ikaanza kuvuja.

Nilimuuliza Mzee, shikamoo, hii gari umewahi kuipima kwa geji? Akasema "Fundi, mimi nimepewa taa, naangalia taa." Ni jibu la haki kabisa.

Siku ya kwanza: geji

Sikufungua kitu chochote. Nilitoa swichi ya taa pale kwenye kichwa cha filta nikafunga geji ya kawaida ile ya kibomba, isiyotumia umeme, nikapitisha kibomba mpaka dirishani. Oili ile nzito nikaimwaga nikarudisha 20W-50 mpya, mana huwezi kupima injini kwa dawa ya kutuliza maumivu. Wakati namwaga nikainusa na kuangalia kimo kwenye dipstiki. Hizi Land Rover zina pampu ya petroli ya mekaniko kwenye ubavu wa bloku na ngozi yake ikichanika petroli inaingia kwenye sampu, oili inakuwa maji, presha inashuka na kimo kinapanda badala ya kupungua. Huku kwetu naliona mara nyingi. Hapa haikuwa hivo, oili ilikuwa na harufu yake tu.

Tukapima:

- Baridi, imetoka kuwaka: PSI 85
- Moto (dakika 40 za kupanda mlima), sailensa: PSI 6
- Moto, mzunguko 2000: PSI 20
- Moto, mzunguko 3000 hivi: PSI 24

Na mshale ulitulia. Hautetemeki, hauruki, unapanda taratibu ukikanyaga, unashuka taratibu ukiachia. Naomba mkumbuke huu mshale mana mimi niliuona nikaupita.

Ile 85 ya baridi ndo ilikuwa inasukuma oili kwenye mpira wa bakuli la filta. Ni kazi ya zile washa mbili. Valvu ya presha kwenye pampu kazi yake ni kupunguza tu. Presha ikizidi kiwango inasukuma springi, oili inarudi kwenye sampu. Injini ikiwa ya moto na presha ni 20, ile valvu imefunga tii, haipitishi kitu, sasa ukikaza springi yake unakaza mlango ambao umeshafungwa. Wakati wa moto hupati hata PSI 1 zaidi, na asubuhi unapasua mipira ya filta.

Siku ya pili: sampu, na kosa langu

Tukashusha sampu. Kwenye neti ya kichujio, kile kinachokaa chini kunyonya oili, tukakuta vipande vya silikoni vya kijivu vimenasa kama makamasi. Pale kichujio kinapokutana na pampu inatakiwa iwe oringi ya mpira. Oringi ilikuwa ile ya zamani, imekauka imekuwa ngumu kama plastiki, na juu yake ilipakwa silikoni nyingi. Oringi ile ikiwa mbovu pampu inanyonya hewa pamoja na oili.

Nikafurahi. Nikamwambia Mzee tumempata mwizi. Nikafungua pampu yenyewe, nikaweka rula ya chuma juu ya gia nikapitisha filageji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi), uwazi kati ya gia na mfuniko ulikuwa umezidi, na mfuniko una mikwaruzo ya mduara inayoshika ukucha. Pampu imechoka kweli. Nikasema inunuliwe mpya na oringi mpya, na washa zile mbili zisirudi. Mzee akatoa hela siku hiyo hiyo.

Sasa kosa liko wapi, kwa sababu oringi ilikuwa mbovu kweli na pampu ilikuwa imechoka kweli. Kosa ni kwamba mshale ulikuwa umeshaniambia sio hewa. Pampu ikinyonya hewa mshale unatetemeka, na mara nyingi mzunguko ukizidi presha inayumba au inashuka, mana ndo wakati pampu inavuta kwa nguvu. Wetu ulitulia na ulikuwa unapanda na mzunguko. Hiyo ni alama ya oili kupata njia pana ya kukimbilia mahali fulani. Mimi nilikuta kosa la kuonekana kwa macho nikaacha kutafuta, na nikamtoa Mzee hela ya pampu kabla sijafanya kipimo ambacho kingechukua nusu siku na hakina gharama.

Tulijaza gia za pampu vaselini ili ishike oili mara ya kwanza, tukatoa plagi zote, tukaizungusha kwa stata mpaka geji ikasoma, ndo tukawasha. Majibu:

- Baridi: PSI 60
- Moto, sailensa: PSI 9
- Moto, 2000: PSI 26

Filta ikaacha kuvuja. Nikarudisha na swichi ya taa kwenye kiunganishi cha njia mbili, taa haikuwaka tena, hata sailensa ikiwa ya moto. Mzee M akanishika mkono akasema asante mwanangu, kesho nalichukua.

Uamuzi wa kutolitoa gari

Hapa ndo pagumu kuliko pote kwenye hii kazi. Mteja ameridhika. Taa imezima. Hela ya pampu imeenda na imeonekana imeleta kitu. Ukimwambia bado, unaonekana unatafuta ulaji.

Nilimuita nikamkalisha karibu na gari nikamwonyesha geji ikisoma 26. Nikamwambia Mzee, pampu hii ni mpya, oringi mpya, oili mpya, na bado hatujafika 35 ambayo ndo ya chini kabisa. Tumetoka 20 tumefika 26, hizo 6 ndo zilikuwa za pampu, zilizobaki zinaenda mahali ambapo hatujapaona. Nikamwambia pia kuwa nimekosea kuanza na pampu, ningetakiwa nipime kwanza.

Yeye ni mtu wa kilimo, nikamwelezea kwa mfereji. Maji yanatoka juu, kila shamba lina mlango wake mdogo, maji yanatosha wote. Akitokea mmoja wa juu akabomoa mlango wake ukawa mpana, huku chini mnakuta tope tu, na sio kwamba chanzo kimekauka. Pampu haitengenezi presha, inasukuma oili tu, presha inakuja kwa sababu kila beringi inabana oili isitoke haraka. Akanyamaza kidogo alafu akauliza, "Sasa nani kabomoa mlango?" Nikamwambia hicho ndo nataka tukitafute kabla hatujafungua injini nzima.

Kipimo cha bomba la kahawa

Hiki kipimo mafundi wa zamani wanakijua: unasukuma oili kwa presha ndani ya njia za injini ikiwa imesimama, sampu iko wazi, unalala chini unaangalia beringi ipi inamwaga. Kuna mitungi maalum inauzwa kwa kazi hiyo, sisi hatuna. Mzee M alikuwa na bomba la mgongoni la kupulizia kahawa, jipya, halijawahi kuwekwa dawa. Tukalitumia hilo.

Tulitoa pua ya kupulizia tukaunganisha mpira wake kwenye tundu la swichi ya oili. Tatizo ni kwamba 20W-50 ikiwa ya baridi haipiti vizuri kwenye bomba la kahawa, kwa hiyo tulizamisha dumu la oili kwenye ndoo ya maji ya moto kama nusu saa, tukabadili maji mara mbili, mpaka ikawa nyepesi ukiitikisa inacheza. Pampu ya oili tuliiacha mahali pake, mana ukiitoa tundu lake linabaki wazi na oili yote itarudi hapo. Ikiwa imefungwa gia zake zinazuia, inadondosha kidogo tu na hiyo unaipuuza.

Kijana wangu akawa anapampu, nimelala chini na tochi na kartoni. Dakika ya kwanza hakuna kitu, njia zinajaa. Alafu konrodi zikaanza kudondosha, tone, tone, tone, zote nne zinafanana. Meni ya mbele ikadondosha. Meni ya kati ikadondosha, ikaenda haraka kidogo ila bado ni matone unayahesabu. Meni ya nyuma haikudondosha, ilimimina. Uzi wa oili haukatiki, unene wa njiti ya kiberiti, unatoka pande zote mbili za kepu (kifuniko kinachoshika beringi) na kujaa kwenye kartoni mpaka ikabidi nisogee.

Sikutaka kuamini mara moja mana tundu la ndani ya krenki likilingana na tundu la beringi oili huongezeka kidogo na inaweza kukudanganya. Hizi gari zina hendeli ya mbele, tukawa tunazungusha krenki robo robo, tunapampu tena, tunaangalia. Konrodi zilibadilika badilika, moja inazidi nyingine inapungua, kawaida. Meni ya nyuma ilimimina kwenye kila robo.

Mzee M alikuwa amechutama upande wa tairi la kulia anaangalia. Akasema tu, "Kumbe yule."

Vipimo vya mwisho

Injini ikashuka. Kepu za meni zikafunguliwa moja moja, tukaweka plastigeji, kale kauzi ka plastiki unakoweka juu ya shingo ya krenki (ile sehemu inayozunguka ndani ya beringi), unakaza kepu kwa nguvu iliyoandikwa, unafungua, unasoma upana kalivyobanwa. Majibu:

- Meni ya mbele: elfu 2 za inchi (kama milimita 0.05)
- Meni ya kati: elfu 2
- Meni ya nyuma: elfu 4 na nusu (kama milimita 0.11)

Shingo za meni za hii krenki zina kipenyo cha kama inchi 2.5, na mazoea ya mafundi ni elfu 1 ya uwazi kwa kila inchi 1 ya kipenyo, kwa hiyo elfu 2 na nusu ndo mwisho wa raha. Ile ya nyuma ilikuwa imepita mbali. Na jambo ambalo wengi hawalijui, mvujo wa oili kwenye uwazi wa beringi hauongezeki sawa na uwazi, unaenda kwa uwazi mara uwazi mara uwazi. Ukizidisha uwazi mara mbili, mvujo unakuwa mara 8. Wetu ulikuwa mara 2.25 ya wenzake, yaani mvujo kama mara 11. Meni moja ilikuwa inakula oili ya meni kumi na moja.

Tulipima shingo zenyewe kwa maikromita. Mbele na kati zilikuwa namba 20 sahihi kabisa. Nyuma ilikuwa chini ya hapo kwa elfu 2 na nusu, na imechongoka kidogo, upande mmoja mwembamba kuliko mwingine. Tulivyouliza tukaambiwa shingo ya nyuma ilikuwa na mfereji wa kutu wa ile miaka 6 chini ya mwembe, ikapigwa jiwe mpaka mfereji ukaisha. Yaani mchongaji alifuta alama akapitiliza namba, ila chaki ikaandikwa 20 kama wenzake, na aliyefunga akaamini chaki.

Tulichoamua na sababu

Njia zilikuwa nne. Kubaki na oili nzito: hapana, injini ya baridi oili nzito inachelewa kufika juu kwenye roka, na ikipata moto mvujo uko pale pale. Kuchonga shingo ya nyuma peke yake iende 30 na kuacha mbili kwenye 20: inawezekana, ila beringi za meni zinauzwa seti, ungenunua seti nzima utumie jozi moja, na miaka kumi ijayo fundi mwingine atafungua hii injini akutane na namba mbili tofauti. Kutafuta krenki nyingine ya skrepa: hizo huwa zina historia usiyoijua. Tukachagua ya nne, meni zote tatu ziende namba 30, seti mpya, konrodi zibaki 20 mana zilipimwa zikawa nzuri, elfu 1 na nusu mpaka 2.

Safari hii krenki ilienda na karatasi, sio maneno. Niliandika kipimo cha kila shingo nilichokitaka baada ya kuchonga, na ilivyorudi tulipima kila shingo sehemu nne kabla ya kumlipa mtu. Njia za ndani za krenki tuliziosha kwa petroli na brashi ndefu mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe, mana unga wa jiwe la kuchongea ukibaki mule utaua beringi mpya ndani ya wiki. Mchezo wa mbele na nyuma wa krenki tulipima ukawa elfu 4, inaruhusiwa 2 mpaka 6.

Kufunga kepu ya nyuma kulituchukua nusu siku kwa sababu ya zile sili za ubavuni zenye umbo la T, zinapenda kujikunja ukiingiza kepu. Tulikata pembe zake kidogo, tukapaka grisi, tukatengeneza vibati viwili vya kuziongoza.

Matokeo

Siku ya kuwasha, 20W-50 ile ile, pampu ile ile:

- Baridi: PSI 60
- Moto, sailensa: PSI 22
- Moto, 2000: PSI 48

Tulipima tena baada ya kilomita 1000 na baada ya 3000. Sailensa ya moto ilikuwa 21, na 2000 ilikuwa 47. Geji ilibaki kwenye gari, tumeifunga chini ya dashibodi pembeni ya usukani, na taa bado ipo. Mzee M sasa hivi ananipigia simu ananisomea geji kabla hata hajanisalimia.

Nilichokiona nikirudi nyuma

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni geji, na kupima mara nne kwa hali nne tofauti badala ya mara moja. Ile 85 ya baridi peke yake ingekudanganya ukasema injini ina afya. Ile 6 ya sailensa peke yake ingekupeleka kwenye pampu. Ukiziweka pamoja, na mshale uliotulia, picha ilikuwa iko wazi siku ya kwanza. Wengine wanasema presha ya baridi ikiwa nzuri basi pampu ni nzima, hilo pia sio kweli, pampu iliyochoka ikipewa oili nzito ya baridi inaweza kusukuma vizuri tu mana oili yenyewe inaziba uwazi wa gia. Presha ya baridi inakwambia jambo moja kwa uhakika, kwamba valvu haijakwama wazi.

Kubadili pampu hakukuwa bure kwa maana ya injini, ilikuwa imechoka na silikoni ile ingekuja kuziba neti siku moja barabarani. Ila mpangilio ulikuwa mbaya. Kama ningepiga kipimo cha bomba la kahawa siku ile ya pili sampu ikiwa tayari chini, sampu ingeshuka mara moja, gasketi ya sampu ingenunuliwa mara moja, na Mzee asingekaa akiamini gari limepona. Hilo ndo linaniuma kuliko hela.

Fundi wa kwanza alikosea sehemu moja tu yenye uzito: hakupima krenki ilivyorudi. Mengine yote, swichi, oili nzito, washa za springi, ni mtu anayekimbiza taa. Kabla hujafunga krenki yoyote iliyotoka kuchongwa, ya gari la zamani au jipya, weka maikromita kwenye kila shingo au angalau plastigeji kwenye kila kepu. Kwa meni tatu na konrodi nne ni kazi ya asubuhi moja.

Kimoja hakijaisha. Sili za T upande wa kushoto zinalowesha kidogo, tone moja ukilaza gari usiku, na nimemwambia Mzee M tutaziangalia siku klachi itakapohitaji kufunguliwa, sio kabla. Kaweka kipande cha kartoni chini yake na kila asubuhi anahesabu.